Tuliomaliza kidato cha nne 2012 Kigoma: tuizungumzie ile miaka ya mtaani bila kuiruka

Mwanamwalo

Wakuu, salaam.

Nimesoma nyuzi nyingi za watu wanaosimulia walikotoka, na karibu zote zinaruka mahali pamoja. Mtu anakueleza shule aliyosoma, bweni alilolala, mwalimu aliyemchapa. Aya inayofuata yuko Dodoma, ana kazi na watoto wawili. Hapo katikati kuna miaka mitatu, minne, wengine saba, na yote imefungwa kwa maneno "nikahangaika kidogo mtaani". Leo naomba tukae hapo hapo kwenye kuhangaika. Mimi naamini kwa dhati kwamba miaka ile ndiyo iliyonilea, kuliko darasa lolote nililokaa, na inaniuma kuona tunaificha kama ugonjwa.

Kwa wasiokumbuka, sisi wa 2012 ni wale ambao matokeo yetu yalitoka mara mbili. Tulifanya mtihani Oktoba 2012. Februari 2013 matokeo yakatangazwa, na katika nchi nzima kama asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na divisheni ziro. Serikali ikashtuka, Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume, na Mei yale matokeo yakafutwa ili yapangwe upya. Mimi ya kwanza yalisema ziro, ya pili yakasema divisheni foo. Kati ya Februari na Mei sikusoma ukurasa hata mmoja zaidi, lakini nilibadilika kutoka mtu asiye na cheti hadi mtu mwenye cheti. Ukiwa na umri wa miaka kumi na minane, jambo kama hilo linakuvuruga namna ya kujitazama. Nilikuwa najiuliza kama kuna mtu yeyote anayejua kwa kweli mimi ninaweza nini.

Na Kigoma ya wakati ule haikuwa rahisi kuiacha. Umeme ulikuwa wa majenereta, gridi ya taifa tumeipata 2022. Daraja la Malagarasi lilikuwa halijafunguliwa, basi likiondoka alfajiri unakula vumbi mpaka usahau rangi ya shati lako. Reli ambayo Wajerumani waliifikisha hapa 1914 ndiyo iliyokuwa tegemeo la asiye na nauli, na nayo ilikuwa ya kubahatisha. Wenzetu wa Morogoro au Pwani wakifeli wanapanda gari kwenda Dar wanajaribu bahati Kariakoo, wakishindwa wanarudi Jumapili. Kwetu kuondoka kulikuwa uamuzi wa ukoo mzima. Kwa hiyo wengi tulibaki.

Mjomba wangu akanipeleka Kibirizi, mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotua, kwa mzee mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa. Mzee aliuliza swali moja tu, kama najua kuandika tarakimu zinazosomeka. Hakuuliza divisheni. Nikapewa daftari gumu na kalamu mbili.

Naomba nieleze kazi ile vizuri, maana wengi mnakula dagaa wa Kigoma lakini hamjui wanavyofika kwenye sahani. Mitumbwi inaingia ziwani jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Dagaa wanafuata mwanga, wavu unasubiri chini yao. Alfajiri mitumbwi inarudi, samaki wanapimwa kwa beseni pale pale mchangani, akina mama wananunua, wanaanika, wanauza wakikauka. Sasa, karibu hakuna mama aliyekuwa ananunua kwa pesa taslimu. Anachukua asubuhi, anaanika kutwa, jua likiwa zuri anauza kesho au keshokutwa, ndipo analipa. Kule majini, mwenye mtumbwi anatoa kwanza gharama za petroli na mafuta ya taa, kinachobaki kinagawanywa kati yake na wavuvi. Kwa hiyo kila kilichoandikwa kwenye daftari langu kilikuwa kinamgusa mtu juu na mtu chini.

Tena kalenda yetu haikuwa ya ukutani. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala. Siku hizo nyumba nyingi za Kibirizi zinaishi kwa kukopa. Giza likirudi ndipo watu wanalipa. Nilijifunza kuhesabu madeni kwa giza na mwezi: huyu alichukua giza lililopita, huyu alikopa unga mwezi ulipokuwa mpevu. Mzee alikuwa haandiki, lakini kichwani alikuwa nayo yote, na mara nyingi alinisahihisha kabla sijafungua ukurasa.

Siku moja ya masika mvua ilinyesha mchana kutwa na dagaa wote waliokuwa wameanikwa wakaharibika. Dagaa wakilowa hivyo wanabaki chakula cha kuku, bei yake haifiki hata robo. Jioni ile mzee aliniambia nisome majina yote ya waliochukua asubuhi. Kila jina alinyamaza kwanza, kisha anasema: huyu msubiri giza lijalo, huyu ana mtoto dukani mjini atalipa Ijumaa, huyu usimwulize kabisa mpaka nikuambie. Kulikuwa na mama mmoja mjane, deni lake lilikuwa kubwa kuliko wote. Nilidhani atakatazwa kuchukua tena. Mzee akasema kesho awe wa kwanza kupimiwa, maana asipoanika kesho hataweza kulipa hata la leo. Yule mama alimaliza deni lake lote. Nilipokuja kusoma masuala ya mikopo miaka mingi baadaye, nilikuta maelezo marefu juu ya jambo lile lile nililoliona jioni ile nikiwa na daftari mapajani.

Hiki ndicho ninachotaka kusema, wakuu. Shuleni, nikikosa swali, anayepoteza ni mimi. Mwaloni nikiandika beseni mbili badala ya tatu, kuna mvuvi amekesha majini bure. Ile hali ya kukabidhiwa kitu cha watu, kitu kinachoweza kupotea mikononi mwako, ndiyo iliyonitoa utotoni. Hakuna mtihani ulionipa hiyo.

Sisemi ilikuwa raha. Likizo za wenzetu waliokwenda kidato cha tano zilikuwa chungu. Unakutana nao Mwanga wamevaa sweta za shule, unanuka samaki, mnasalimiana kwa haraka. Nyumbani ukiulizwa na mgeni "huyu yuko wapi siku hizi?", mama anasema "yupo tu". Nilikuwa naamka saa tisa usiku, nafanya kazi ya watu wawili, na bado jina langu lilikuwa "yupo tu".

Baadaye nilirudia mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikasoma astashahada pale pale Kibirizi kwenye chuo cha uvuvi cha FETA, na leo nanunua na kusafirisha dagaa kwa treni na kwa malori. Hayo siyo makubwa, sitaki kuyasimulia. Nataka ninyi mniambie: miaka yenu ile ilikuwaje? Nani alikukabidhi kitu kwa mara ya kwanza? Tafadhali msiiruke.

---

Kijana wa Gungu

Mkuu umenirudisha Mei 2013, siku tulipoambiwa matokeo yanapangwa upya. Baba alikuwa ameshauza baiskeli ili niende kuanza upya shule ya binafsi.

Mimi nilikuwa saidia fundi kwenye nyumba za Mwanga na Lubengera. Kubeba zege, kuchota maji, kuchekecha mchanga. Fundi wangu alikuwa mkali kwelikweli. Ila ndiye aliyenifundisha kwamba msingi unaanza kupima kabla ya kuchimba, na kwamba maji ya kwenye mpira wa uwazi hayadanganyi usawa. Leo ni fundi na nina vijana chini yangu. Kila nikimwona kijana mpya anashika mwiko wa ujenzi mara ya kwanza, nampa kona ya nyuma aianze yeye. Alinifanyia hivyo fundi wangu na sijasahau.

---

Binti Heru

Nimesoma nikatulia kwanza. Asante sana kaka kwa uzi huu.

Mimi natokea Heru Juu, Kasulu. Mwaka wetu ni mmoja. Baada ya matokeo ya pili nilikaa nyumbani nalima maharage na mahindi na mama, na kusuka nywele za watu Jumamosi. Nilikuwa sioni mlango wowote. Kwa msichana inakuwa na uzito wake, maana kila anayekuja kukutembelea unajiuliza kama amekuja kukusalimia au kukuposa.

Halafu ikaja 2015. Mnakumbuka Aprili na Mei ile, Burundi ilipochafuka. Watu walivuka kwa maelfu wakafikia Kagunga, kijiji kidogo kabisa ufukweni mpakani, nyuma yake milima, hakuna barabara ya gari. Wakajaa pale mchangani, kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji. MV Liemba, meli ile ya Wajerumani iliyozamishwa kwenye Vita vya Kwanza ikaja kuinuliwa tena, ikawa inawabeba kutoka Kagunga mpaka bandari ya Kigoma. Wengi wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu, kwetu Kasulu.

Pale uwanjani walihitajika watu wanaoweza kuongea na wale wageni. Sisi Waha na Warundi tunaelewana, unaongea Kiha chako na mwenzako anakujibu kwa Kirundi, mnaendelea. Shangazi yangu aliyekuwa anakaa Kigoma mjini akanipigia simu: njoo, wanatafuta vijana wanaojua Kiha na kuandika Kiswahili. Nikaenda na begi dogo.

Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na anayeandikisha, kuuliza na kujibu. Jina, umetoka wapi, uko na nani, kuna nani amepotea njiani. Hilo la mwisho ndilo lililonibadilisha. Mtoto wa miaka sita anakuambia alikuwa ameshika nguo ya mama kwenye mashua halafu akawa ameshika nguo ya mtu mwingine. Huwezi kulia, kwa sababu ukilia wewe foleni yote inatetereka. Lazima umwulize tena, polepole: mama alikuwa amevaa kitenge cha rangi gani, mlikuwa na mdogo wako, mnapokaa kuna kanisa gani karibu. Nilijifunza kuuliza swali bila kumwumiza mtu. Na nilijifunza kunyamaza na kusubiri, maana mwenye uchungu hajibu kwa haraka anayotaka karani.

Kuna mama mmoja alipata mwanawe siku ya tatu, kupitia maelezo ya kitenge tu. Alinishika mikono miwili na hakusema kitu.

Baada ya pale nilijua ninachotaka. Nikasoma maendeleo ya jamii, ngazi ya cheti kwanza, nikajilipia kwa vibarua vya ukalimani, kisha nikaendelea. Mpaka leo ninafanya kazi na familia. Watu wakiniuliza nilisomea wapi nataja chuo, lakini nikiwa peke yangu najua nilisomea uwanja wa mpira.

Kaka, umeuliza nani alinikabidhi kitu kwa mara ya kwanza. Ni yule dada aliyekuwa msimamizi wa meza yetu. Siku alipougua aliniachia orodha ya watoto waliokuwa peke yao, akasema "asipotee hata mmoja". Nililala nimeikumbatia orodha ile.

---

Mrina Asali

Salaam kutoka Tabora. Naomba na sisi wa huku tuingie, reli ni moja.

Mimi nilimaliza kidato cha sita Tabora mjini 2014, nikaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, nikapangiwa kambi ya Bulombora huko kwenu Kigoma. Miezi mitatu. Sitaikalia sana, wengi mmepita. Niseme tu kwamba ndipo nilipolala kwa mara ya kwanza chumba kimoja na kijana wa Pemba na mwingine wa Tarime, na ndipo nilipoona ziwa.

Nilipotoka, alama hazikunipa mkopo wala chuo nilichotaka. Nikarudi kwa babu, Sikonge. Huko wenye nguvu wote wako kwenye tumbaku. Nikaanza huko: kupandikiza miche, kuchuma majani, kuyatunga kwenye miti, kupanga kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kukesha unachochea moto. Bani ukizidisha moto majani yanaungua rangi, ukipunguza yanaoza. Unakesha na joto la uso na baridi ya mgongo. Halafu siku ya soko, msimu mzima unategemea daraja ambalo jani lako litapewa mezani. Nimeona watu wazima wakirudi nyumbani kimya siku hiyo.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kuni. Kila bani linakula msitu. Babu alikuwa mrina asali wa zamani, mwenye mizinga ya magome juu ya miti, na kila mwaka alikuwa anatembea mbali zaidi kuifikia, kwa sababu miyombo ya karibu ilikuwa imegeuka majivu ya tumbaku. Alikuwa halalamiki. Alikuwa anaondoka tu mapema zaidi.

Nikaanza kwenda naye. Huko msituni alinifundisha vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia darasani la biolojia: miti gani ikitoa maua asali inakuwa nyepesi na ipi inatoa nyeusi, namna ya kuacha masega ya kutosha ili nyuki wasihame, namna ya kupanda na moshi bila kuchoma mti. Nyuki hawataki mtu mwenye haraka. Nilikuwa kijana mwenye hasira sana wakati ule, hasira na matokeo, na wizara, na kila mtu. Huwezi kurina na hasira. Utaumwa mpaka uwe mpole.

Baadaye nikaenda Chuo cha Nyuki hapa Tabora. Nilipofika darasani nikajikuta najua nusu ya mambo kwa mikono, nusu nyingine wakanipa sababu zake. Mwaka niliomaliza, babu alinipa mizinga yake iliyobaki. Ndiyo jibu langu kwa swali lako mkuu.

---

Ujiji Mnazini

Nimewasoma wote, na naheshimu kila kilichoandikwa. Lakini naomba niseme jambo ambalo lisiposemwa uzi huu utakuwa haujakamilika.

Tunaosimulia hapa ni tuliovuka. Kwenye mtumbwi mmoja na wewe Mwanamwalo kulikuwa na vijana ambao miaka ile haikuwalea, iliwamaliza. Ziwa hili lina vina vya zaidi ya mita 1,400, na upepo wake wa kusini haukupi onyo la kutosha. Mtaani kwetu Ujiji kuna nyumba mbili zilizopoteza vijana usiku mmoja. Walikuwa wamemaliza shule mwaka ule ule wa kwetu. Hawa nao walikuwa wamekabidhiwa kitu.

Na kuna dada zetu. Mdogo wangu alipata mimba kidato cha tatu. Wakati ule hapakuwa na kurudi, shule ilikuwa imefungwa kwake kabisa. Serikali ilikuja kuruhusu wasichana waliojifungua kurejea shuleni Novemba 2021, mtoto wake akiwa ameshaanza shule ya msingi. Yeye miaka yake ya mtaani aliianza mapema kuliko sisi, bila cheti cha kubishania kama ni ziro au foo. Ameuza mawese, ameuza vitenge vya kutoka Kongo, amelea. Ni mtu imara kuliko mimi. Lakini siwezi kumwambia kwamba mtaa ulimlea. Mtaa ulimpiga, na yeye akasimama.

Kwa hiyo mkuu, nakubaliana nawe kwamba tusiiruke miaka ile. Ila tusiipake mafuta. Anayesoma hapa akiwa na madaraka asije akasema vijana waachwe tu, watafunzwa na maisha.

---

Mwanamwalo

Ujiji Mnazini, pole sana kwa nyumba zile mbili. Nadhani nazijua. Mwalo wote ulisimama wiki ile.

Umesema kweli na ninaipokea. Naomba nifafanue, siyo kubishana. Ukiangalia tuliosimulia, mimi, Kijana wa Gungu, Dada Heru, ndugu yetu wa Sikonge, kila mmoja kuna mtu mzima aliyesimama mbele yake. Mzee wa mwalo, fundi, dada wa mezani, babu. Hakuna hata mmoja aliyelelewa na mtaa wenyewe. Mimi nilifanya kazi nchi kavu, na haikuwa bahati. Mzee alikataa nisiingie majini mwaka wa kwanza, akasema kijana wa daftari haendi ziwani. Vijana wengine hawakuwa na wa kuwakatalia. Wengine mwenye mtumbwi alikuwa hajui hata majina yao kamili, analipa vichwa tu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona nikitazama nyuma, na inanitisha, kwa sababu ilikuwa nyembamba sana.

Niliiona tena 2024, ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane. Nilikubaliana na sababu. Nimeshuhudia kwa macho yangu mavuno yanavyopungua tangu nianze. Lakini mwaloni kuna vijana waliotoka shule juzi, hawana shamba, hawana kingine. Waliokuwa na mwenyewe, walipewa cha kufanya: kushona nyavu, kutengeneza vichanja vya kuanikia, kupaka mitumbwi lami. Wasiokuwa na mwenyewe walitawanyika, na wengine sijawaona tena mpaka leo nikiandika. Mimi niliweza kuwashika wachache tu kwenye vichanja. Natamani ningeweza zaidi.

Kuhusu mdogo wako, mwambie kuna mtu Kibirizi anamheshimu. Na kama bado anafanya mawese, nina wateja wa Tabora wanaouliza kila wiki. Nitumie ujumbe.

---

Mrina Asali

Ni kweli kuna wateja. Huku Tabora mawese ya Kigoma hayakai dukani. Naweza kuyapokea stesheni hapa, na asali ikarudi na treni hiyo hiyo upande wenu.

---

Mama Watatu

Samahanini wanangu, mimi ni mama mtu mzima, nimepita kusoma nikaona mnaongea mambo ya maana. Kijana wangu wa mwisho amemaliza kidato cha nne, tunasubiri matokeo mwezi wa kwanza. Tupo Mwandiga. Anaamka saa nne, yuko na simu, nikimsemesha ananijibu kwa mkato. Baba yake anataka kumpeleka akabebe mizigo bandarini ili "akili imkae". Mimi naogopa. Nyinyi mliopita huko mnanishauri nini?

---

Binti Heru

Shikamoo mama. Huyo kijana anaogopa matokeo, ndiyo maana anajibu kwa mkato. Nilikuwa hivyo hivyo. Usimwulize kila siku. Na mama, chochote atakachopata, msikimbilie kuamua siku hiyo hiyo. Akichaguliwa kidato cha tano au chuo, majina hutoka katikati ya mwaka, masomo yanaanza Julai. Asipochaguliwa, chuo cha ufundi cha VETA Kigoma kipo, na fani nyingi hawamwulizi divisheni. Kuna kurudia mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea pia. Milango ipo zaidi ya miwili, ila inafunguka kwa nyakati tofauti, na huo muda wa katikati ndio unaohitaji mtu mzima wa kukaa naye.

---

Mwanamwalo

Shikamoo mama.

Bandarini asiende peke yake. Kazi ya kubeba siyo mbaya, lakini atakuwa kichwa tu kati ya vichwa, hakuna atakayejua jina lake, na hapo ndugu yetu wa Ujiji ametukumbusha kinachoweza kutokea.

Kama baba yake ataridhia, kuanzia giza lijalo nahitaji kijana wa kupima na kuandika pale kwenye vichanja vyangu. Ni nchi kavu, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tano, mchana yuko huru kusoma. Nitamlipa kila Jumamosi, na pesa yake apewe yeye mkononi, mama, hata kama ni kidogo. Aje na baba siku ya kwanza ili tuonane. Kabla ya hapo lakini mwulize mwenyewe, mkiwa wawili tu, kama anataka. Akikataa, mwulize anapenda kushika nini kwa mikono yake, uje uniambie hapa hapa. Kijana wa Gungu anajenga, Mrina Asali ana mizinga, mimi nina dagaa. Hatutakosa.